Namba Nisiyoijua

"Dada, usichomeke hapo!"

Mkono wa Huria ulisita hewani, ncha ya waya imebakiza kidogo tu iingie kwenye tundu la ukutani. Ukumbi wa kusubiria mabasi ulikuwa umefurika asubuhi hiyo. Watu wanakanyagana, mabegi yanaburutwa, kipaza sauti kinaita safari ambazo hakuna anayezisikia vizuri, na kwenye ule ukuta wa kuchajia simu watu walikuwa wamebanana bega kwa bega. Aligeuka kwa hasira ya mtu aliyepigania nafasi yake na kuipata.

Aliyeita alikuwa kijana mrefu, shati jeupe limepigwa pasi mpaka linatisha, vifungo vimefungwa hadi shingoni katika joto lile. Naye Huria alikuwa na gauni la kijani lenye mifuko mikubwa, raba miguuni, na vipokea sauti vikubwa vimemning'inia shingoni.

"Kwa nini nisichomeke? Lina nyoka?"

"Tundu la aina hii linapitisha umeme, na linaweza kupitisha mengine pia, hata kunyonya yaliyomo kwenye simu yako. Hujui nyuma ya ukuta kumewekwa nini."

"Nyuma ya ukuta kuna choo. Nimetoka huko sasa hivi."

Mama mmoja aliyekalia mzigo wake aliangua kicheko. Kijana hakucheka. Aliingiza mkono mfukoni akatoa waya wa kijivu, umekunjwa vizuri na kufungwa kwa mpira. "Tumia huu. Huu unapitisha umeme tu. Ya kwako yanabaki kuwa yako."

"Na wewe nakujuaje? Huenda hatari yenyewe ndiyo wewe."

Kijana akafikiri, kwelikweli, kama aliyeulizwa swali la mtihani. "Ni kweli," akasema. "Hunijui."

"Lo! Hivyo ndivyo unavyojibu mtu unayetaka kumsaidia?"

"Ndilo jibu la kweli, dada yangu."

Hapo basi lake likaitwa, akatokomea kwenye msongamano, na waya ukabaki mkononi mwa Huria. Aliuangalia, akauchomeka. Chaji ilikuwa imekaribia kuisha, na kwa Huria simu kuzima halikuwa jambo dogo. Sababu yake tutaifikia.

Huria si jina alilopewa na wazazi. Alikuwa fundi wa sauti katika kituo cha redio, na wenzake walimbandika jina hilo kwa sababu ya mahubiri yake yasiyokwisha kuhusu programu huria, zile programu za kompyuta ambazo matumbo yake yako wazi, mtu yeyote anaweza kuyasoma, kuyarekebisha na kumgawia mwenzake bure. Jioni zake alizitumia kutafsiri kwa Kiswahili programu moja ya kuhariri sauti, yeye na watu wengine wa kujitolea ambao hajawahi kuonana nao. Waliweza kugombana wiki nzima juu ya neno moja la kitufe. Ukimwita kichaa alikuwa anakubali na kukuuliza kama kompyuta yako ina nafasi.

Haya. Jumatatu iliyofuata mkurugenzi akaingia chumba cha habari na mgeni, shati jeupe, vifungo hadi shingoni.

"Jamani, huyu ndiye mkuu wetu mpya wa usalama wa kompyuta."

Huria alitoa waya wa kijivu mfukoni akauinua juu. "Mkuu, umesahau nyoka wako."

Kwa mara ya kwanza kijana yule alicheka, na Huria akagundua kwamba akicheka anakuwa mtu mwingine kabisa. Moyo ulimpiga pa! Akajifanya anatafuta kalamu.

Haikuchukua muda kabla ya yule mgeni naye kubatizwa. Walimwita Komeo. Alibadilisha manenosiri ya watu wote, akabandika karatasi nyeusi kwenye kamera za kompyuta, akapiga marufuku mtu kuacha mashine wazi akienda kunywa chai. Watangazaji walimlaani kwa sauti nzuri za kitangazaji. Ila kila adhuhuri Komeo alijikuta na jambo la kukagua studio ya sauti, na kila adhuhuri Huria alijikuta na chai ya vikombe viwili.

"Hizi programu zako za bure," Komeo alianza siku moja, ameegemea mlango. "Kitu kikiwa wazi, mwizi naye anakisoma."

"Na fundi naye anakisoma. Kilichofungwa kikiwa na tundu, anayelijua ni nani? Mwizi na aliyelificha. Mimi na wewe tumelala."

"Watu wengi hawasomi hata kikiwa wazi."

"Hilo nakubali. Lakini mlango upo. Hizo zako za kununua, nikiuliza ndani kuna nini naambiwa niamini tu. Kwani nimeolewa nazo?"

"Mimi siamini kitu chochote. Ndiyo kazi yangu."

"Hata mimi?"

Komeo alikunywa chai yake yote kabla ya kujibu. "Wewe unanipa shida," akasema, na masikio yakamwiva.

Mapenzi yao yakaanzia hapo, na yalikuwa mapenzi ya vituko. Huria alizoea maneno matamu, na Komeo hakuandika hata moja, ati simu inaweza kuwa imeshikwa na mtu mwingine. Kila Huria akimpigia ilikuwa hivi:

"Nani mwenzangu?"

"Mimi, laazizi. Si jina langu unaliona hapo?"

"Jina si mtu. Jana ulinicheka kwa sababu gani?"

"Ulivaa soksi mbili tofauti, moja ya bluu na nyingine nyeusi. Mungu wangu, na hili la kuulizana kila siku litaisha lini?"

"Haya, ni wewe. Habari za tangu asubuhi, roho yangu?"

Huria alikuwa anacheka mpaka anashika mbavu. Alimbandika Komeo jina la mlinzi wa geti, akamwambia siku moja atamuuliza swali hilo mkewe kitandani. Moyoni alipenda. Hakuwahi kupendwa na mtu anayetaka kuhakikisha kwamba ni yeye hasa, si mwingine.

Basi siku moja walikuwa wameketi kwenye ngazi za nje za kituo, wanakula mkate, simu ya Huria ikalia. Namba ngeni. Aliirukia, mkate ukaanguka, akainuka, akatembea huku na huko. "Haloo? Haloo? Nani?" Kisha mabega yakashuka. "Hapana, kaka yangu, umekosea namba."

"Unapokea kila namba?" Komeo aliuliza. "Na zile meseji za ajabu ajabu, unazifungua?"

"Zote."

"Huria! Hivyo ndivyo watu wanavyotapeliwa. Ni kazi yangu kuwaambia watu wasi..."

"Nina kaka," Huria akamkatiza. "Aliondoka nyumbani mimi nikiwa bado nasoma. Aliifungua redio ya baba aitengeneze, vipande vimetapakaa sakafuni, baba akaingia. Maneno yakawa makubwa. Baba akamwambia toka, na usirudi. Akatoka. Hakurudi. Namba yake haikupatikana tena mpaka leo."

Komeo aliacha kutafuna.

"Ile redio niliiunganisha mimi. Nilikaa nayo mpaka ikasema. Ufundi wangu wote umeanzia pale. Ila kitufe cha kuzungusha, kile cha kutafutia stesheni, hatukukiona. Baba alikuwa anazungusha kwa koleo mpaka anaingia kaburini, na mama anaendelea na koleo hilohilo." Alifuta macho kwa kiganja. "Namba yangu sijaibadilisha tangu siku ile, kwa sababu ndiyo anayoijua. Kwa hiyo ikija namba nisiyoijua, mimi napokea. Ikija meseji, nafungua. Nikitapeliwa nitapeliwe. Umeelewa sasa kwa nini simu yangu haizimi?"

"Nimeelewa," Komeo akasema, akamshika mkono hadharani, jambo ambalo hakuwahi kulifanya.

Aliahidi kitu? Hapana. Na hilo ndilo lililomuuma Huria baadaye, kwamba hata akitafuta ahadi iliyovunjwa haioni.

Siku hizo hakutulia. Alikuwa mwenye furaha, lakini furaha yenye wasiwasi, ya mtu anayekaa ukingoni mwa kiti. Alianza kuwaza kumpeleka Komeo kwa mama. Aliwaza pia kwamba kaka akirudi amkute shemeji tayari. Mawazo hayo yalimfanya atabasamu peke yake studioni, watangazaji wakimwona kupitia kioo na kukonyezana.

Ilikuwa mchana, kazi imepungua. Simu ilitetemeka mezani. Namba ngeni.

*Ni mimi. Nimebadilisha namba, ile ya zamani ilipotea. Picha zangu za sasa hizi hapa, zifungue.*

Dunia ilisimama. Huria alisoma mara ya pili, akabofya pembeni kwa haraka, akarudi, akabofya tena. Alitaka kuona uso. Amezeeka? Ana ndevu? Anakula? Skrini ikawa nyeupe, ikawaza, kisha ikawa nyekundu tupu.

*UMENASWA! Hili lilikuwa zoezi la usalama. Usifungue viungo vya mtandao kutoka kwa watu usiowajua.*

Hakulia pale pale. Aliisoma ile nyekundu kama mtu asiyejua kusoma. Mlango wa pili alisikia watu wakicheka, "Mimi sijanaswa! Wewe je?" Ndipo akaelewa ni kazi ya nani.

Saa hiyohiyo wakaitwa ukumbini. Mkurugenzi akaonyesha matokeo ukutani, idara kwa idara, bila majina, kwa heshima za watu. Habari, watatu. Matangazo ya biashara, wanne. Sauti, mmoja. Na idara nzima ya sauti ilikuwa mwanamke mmoja mwenye gauni la kijani. Ukumbi ukageuka kumtazama, mtu akasema, "Aa, mpenzi wa Komeo mwenyewe!" Vicheko.

Alimkuta Komeo kwenye korido, ameshika kompyuta kifuani.

"Uliandika wewe?"

"Huria, nisikilize. Ile ndiyo hila inayotumiwa zaidi na matapeli. Ilipangwa kabla hujaniambia ha..."

"Uliiona kabla haijatumwa?"

Komeo alihamishia kompyuta mkono wa pili.

"Nakuuliza. Leo asubuhi, uliiona?"

"Niliiona."

"Ukajua mimi nimo?"

"Zoezi halimwachi mtu. Nikikutoa wewe, nimtoe na nani mwingine? Halitakuwa zoezi tena. Ndiyo sheria ya kazi yetu. Na nilidhani... nimekuonya mara nyingi, nilidhani utasita kidogo."

"Nisite!" Sauti yake ilipasuka. "Nimengoja meseji ile tangu nikiwa msichana wa shule. Umeniletea kaka yangu, Komeo. Nimekuwa naye pale mezani, mzima, nusu dakika. Halafu umemuua wewe kwa mikono yako, ukaniandikia na UMENASWA."

"Nisamehe, mpenzi wangu."

Ilikuwa mara ya kwanza kumwita mpenzi wangu mbele za watu. Huria alitoa waya wa kijivu mfukoni, akauweka juu ya ile kompyuta yake, akaenda zake.

Ee, siku zilizofuata! Chai ilikuwa kikombe kimoja. Komeo alipiga, Huria hakupokea. Komeo alisimama nyuma ya kioo cha studio, Huria akawasha taa nyekundu ya kurekodi hata kama hakuna kinachorekodiwa. Kwenye tafsiri yake alifikia neno la kile kitufe cha kurudisha nyuma kosa. Wenzake walishakubaliana kiitwe *tendua*. Alilitazama, akafunga kompyuta, akaenda kuosha vyombo vilivyokwisha kuoshwa.

Jambo moja zaidi lilibadilika, na hili hakumwambia mtu. Aliogopa namba ngeni. Zilipoita aliziacha ziite, mwili mzima unamchemka. Ikija meseji ya mtu asiyemjua, hakuisoma. Aliona mwanzo wake tu, akaibonyeza, akaituma dawati la usalama kama walivyofundishwa wote, akaifuta. Alikuwa mwanafunzi bora kabisa. Mkurugenzi alimsifu kwenye kikao, na sifa hizo zilimkera kuliko vile vicheko.

Komeo naye alikuwa akizunguka korido kama mtu aliyepoteza kitu. Kifungo cha juu cha shati kilikuwa wazi, na kituoni walilizungumza hilo kama habari.

Ikaja asubuhi moja, Huria anaunganisha sauti za mahojiano, simu ikatetemeka. Namba ngeni. Juu ya skrini yakatokea maneno ya mwanzo tu: *Mdogo wangu, ni mimi. Hii ndiyo namba...*

Damu ilimpanda kichwani. "Tena? Anarudia tena, hana haya!" Hakuifungua. Aliituma dawati la usalama, na chini yake akaongeza maneno ambayo fundi wa sauti yeyote angeyakata kabla ya kwenda hewani. Akafuta. Akavaa vipokea sauti, akaongeza sauti mpaka masikio yanauma.

Hakuwa amemaliza hata kipande kimoja cha mahojiano alipomwona Komeo nyuma ya kioo. Amekuja mbio. Taa nyekundu ikawashwa. Hakuondoka. Alitembea hatua chache kulia, akarudi kushoto, akasimama, akatembea tena, yeye ambaye akiketi hata kiti hakisogei. Mwishowe Huria alizima taa kwa hasira akafungua mlango.

"Nini?"

"Ile meseji uliyoripoti. Si yangu."

"Ndivyo utakavyosema."

"Ndivyo nitakavyosema, na una haki ya kutoamini. Mazoezi nimeyasimamisha tangu siku ile. Nimewaandikia wafanyakazi wote nilivyofanya na nilipokosea. Hujausoma kwa sababu ujumbe wangu huufungui." Alikuwa anahema. "Huria, tapeli hakosi haraka. Atataka ubofye, utume, ujibu sasa hivi. Huyu haombi kitu. Hana kiungo. Ameandika mara moja, akanyamaza."

"Umemjibu?"

"Hapana."

"Umempigia?"

"Mkono uliniwasha, lakini hapana. Mara ya kwanza niliamua kwa niaba yako. Sirudii. Sikwambii ni yeye, maana sijui. Nakuomba kitu kimoja tu. Isome mpaka mwisho."

Alimpa simu ya dawati. Huria aliipokea kama mtu anayepokea kitu cha moto.

*Mdogo wangu, ni mimi. Hii ndiyo namba yangu, kama utapenda kuiweka. Usipopenda nitaelewa. Nimeoa, na mke wangu kila siku ananiuliza kwetu ni wapi. Mwambie baba kitufe cha redio ninacho. Kilikuwa mfukoni siku ile, sikukiiba. Nimekitunza.*

Alikaa sakafuni, gauni lote, katikati ya nyaya.

"Habari za kitufe nilikwambia wewe," akasema polepole, akimtazama Komeo kwa macho ya woga. "Wewe pia unajua."

"Najua. Kwa hiyo usiishie hapo. Muulize kitu ambacho mimi sikijui." Akainama. "Kama tulivyokuwa tunafanya."

Huria alichukua simu yake mwenyewe, akaandika namba ile. Ikaita. Ikaita. Huku ikiita, simu ikalia ti! kulalamika kwamba chaji inaisha. "Jamani, si leo," akanong'ona, "si leo." Kabla hajamaliza, Komeo alikwisha kupiga magoti, waya wa kijivu umechomekwa upande mmoja kwenye mtambo, upande wa pili kwenye simu. Kisha akatoka, akafunga mlango, akakipa mgongo kile kioo.

"Haloo," ikasema sauti ya kiume.

Sauti ilikuwa nzito kuliko ile aliyoikumbuka, na masikio yake hayo yaliyozoea sauti za watu yalitaka kuamini papo hapo. Aliyakataza.

"Hicho kitufe," Huria akasema. "Kina nini?"

"Nani mwe..."

"Kina nini? Nijibu!"

Halafu pumzi, na ndani ya pumzi hiyo kicheko kinachotetemeka. "Kimetafunwa. Meno yako yapo pembeni mpaka leo, panya wewe. Ulikuwa huna hata miaka ya kwenda shule."

Hapo Huria alilia. Alilia kwa sauti, bila kujali mitambo, na upande wa pili mwanaume mzima naye akalia, na kwa muda hapakuwa na mazungumzo ya maana.

"Baba bado amenikasirikia?" kaka aliuliza mwishowe. "Kila nikishika simu namsikia yeye. Namba yako naijua kwa kichwa, lakini namsikia yeye."

Huria alifumba macho. "Baba alishafariki, kaka."

Akaendelea haraka, kabla simu haijakatwa.

"Sikiliza. Tulitaka kumnunulia kitufe kingine, alikataa. Nilimletea kimoja kizuri kabisa, alikirusha. Alikuwa anazungusha kwa koleo, vidole vinamuuma, na kila nikimwambia alikuwa ananijibu neno moja. Anasema, kile kitarudi na mwenyewe."

Upande wa pili palikuwa na sauti kama ya mtu aliyeketi chini ghafla.

"Kwa hiyo kilete," Huria akasema. "Mama yupo. Kilete."

Alipotoka studioni, uso umevimba, Komeo bado alikuwa amesimama pale pale. Huria alimtazama kifungo kilicho wazi, macho yaliyokosa usingizi. Bado alikuwa na hasira naye, na alimpenda, na vyote viwili vilikuwa vya kweli.

"Ningemfuta," akasema. "Unajua hilo? Nilikuwa nimeshamfuta. Ulinifundisha vizuri mno."

"Najua. Sitalisahau."

"Jumamosi anakuja kwa mama. Na wewe njoo. Sijakusamehe. Njoo tu."

Jumamosi mama yao alikuwa hakai. Alifagia palipofagiliwa, akachungulia dirishani, akauliza saa, akauliza tena. Mtu alipobisha, mama alifika mlangoni kabla ya wote. Sitaeleza sana waliyoyafanya mlangoni, maana mke wa kaka alikuwa amesimama nje na mizigo dakika nzima hana wa kumpokea, mpaka Komeo akampokea yeye, naye ni mgeni vilevile.

Baadaye kaka alisogea kwenye rafu ya redio. Alitoa mfukoni kitambaa, na ndani ya kitambaa kile kitufe cheusi chenye alama za meno. Akaliweka koleo kando. Kitufe kikaingia mahali pake, tk! kama hakikuwahi kutoka. Alikizungusha taratibu, mikwaruzo ikapita, stesheni ikaja, mtu anasoma hali ya hewa. Mama alifunika uso kwa kanga.

Ndipo mama akamwona yule kijana mrefu aliyekaa kwenye ncha ya kiti. "Na huyu, wa nani?"

"Mama," Komeo akaanza, akasimama, "mimi nili... kuna jambo nataka kumuuliza binti yako. Niliandika ujumbe, nikaufuta."

"Ujumbe wako siufungui," Huria akasema. "La kuniuliza niulize kwa mdomo."

Komeo alivuta pumzi. "Nataka kukuoa. Utakubali?"

Redio peke yake ndiyo iliyoendelea kusema.

"Kwanza nijibu," Huria akasema, mikono ndani ya mifuko ya gauni. "Ukianza tena mazoezi yako, mimi nimo au simo?"

Kaka alikohoa kumpa ishara. Kila aliyekuwa chumbani alijua jibu tamu ni lipi. Komeo alilijua pia, maana hakuwa mjinga.

"Umo," akasema. "Umo kama wengine, siwezi kukudanganya. Lakini wote mtaambiwa kabla kwamba mazoezi yapo na yanafanywaje, wazi, anayetaka kusoma asome. Na habari za aliyepotea, za mgonjwa, za maiti, hazitatumika tena kwa mtu yeyote. Sio kwako tu. Kwa yeyote."

Huria alimsogelea. Kisha akanyoosha mkono, akamfunga kile kifungo cha shingoni, akakifungua tena.

"Basi nimo."

"Umo kwenye nini?" mama akauliza, hajaelewa hata neno. "Hebu punguzeni redio, nisikie vizuri!"

Kaka alinyoosha mkono akazungusha kile kitufe kingine, cha sauti, akakosea upande, na sauti ikajaa nyumba nzima.